Kibodi na Kipanya Katika Chumba cha Tiba

Kituo cha afya kinapopokea kompyuta mpya, watu hukusanyika kutazama kioo. Husifiwa ukubwa wake, wembamba wake na mng'ao wa rangi zake. Afisa ugavi hutaja kasi ya mashine na ukubwa wa kumbukumbu yake, mtunza mali hubandika namba ya usajili, na kibodi pamoja na kipanya hutolewa mwishoni kutoka chini ya boksi, kama nyongeza ya karanga anayompa muuzaji mteja wake mwema. Hakuna aliyeuliza ni vya aina gani. Vimekuja na mashine, basi.

Lakini vifaa hivyo viwili ndiyo sehemu ya mashine inayokutana na mwili wa mtumiaji. Kioo hutazamwa tu. Kibodi na kipanya hushikwa kutwa nzima, kwa vidole vilevile ambavyo dakika moja kabla vilikuwa vikitafuta mapigo ya moyo kwenye mkono wa mgonjwa. Katika vituo vya serikali nchini Tanzania, daftari kubwa la mahudhurio limekuwa likiipisha mifumo ya kielektroniki kama GoTHOMIS, na karani aliyekuwa akiandika kwa kalamu sasa anacharaza tangu dirisha linapofunguliwa hadi linapofungwa. Kalamu ilipokataa kuandika, aliitupa na kuomba nyingine. Kibodi iliyokufa herufi mbili huvumiliwa miaka mitatu. Makala haya yanashikilia kwamba uvumilivu huo ni kosa la kitabibu kabla ya kuwa kosa la kiuhasibu, na kwamba kibodi na kipanya vinastahili kuchaguliwa kwa uzito uleule unaotumika katika kuchagua glovu au mizani ya watoto.

Yafaa kuanza na tarakimu, kwa kuwa hapo ndipo kifaa kibovu kinapoweza kumdhuru mgonjwa moja kwa moja. Kibodi za bei ya chini huwa na utando wa mpira chini ya vitufe. Utando huo ukichakaa, au ukiingiwa na chai, kitufe hunata: kikibonyezwa mara moja huandika mara mbili, au hakiandiki kabisa. Katika barua ya kuomba likizo kasoro hiyo ni kichekesho. Katika uzito wa mtoto si kichekesho. Mtoto wa kilo 10, kwa kipimo cha parasetamoli cha miligramu 15 kwa kila kilo, anastahili miligramu 150. Sifuri ikijirudia, mfumo utamhesabu kuwa na kilo 100, na kipimo kitaruka hadi miligramu 1,500. Bila shaka mfamasia makini atalikamata kosa hilo, na baadhi ya mifumo itatoa onyo. Hata hivyo, usalama unaotegemea kwamba mtu mwingine atakuwa macho saa nane za usiku ni usalama wa kukopa.

Liko kosa jingine la tarakimu ambalo halitokani na ubovu wowote. Vitufe vya tarakimu vilivyopangwa upande wa kulia wa kibodi kubwa vinafuata desturi ya mashine za kuhesabia: 7, 8 na 9 viko juu, na 1, 2 na 3 viko chini. Simu ni kinyume chake. Mpangilio wa simu ulitokana na majaribio ya maabara za Bell huko Marekani, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1960, baada ya mipangilio kadhaa kupimwa kwa watumiaji. Mashine za kuhesabia hazikubadilika kuufuata, na dunia ikabaki na mipangilio miwili hadi leo. Sasa wapo makarani na wauguzi wengi waliojifunza tarakimu kwenye simu ya mkononi, kwa kupiga namba na kutuma pesa, miaka mingi kabla ya kukaa mbele ya kompyuta. Vidole vyao vinajua kwamba 1 iko juu. Mtu wa namna hiyo akiandika bila kutazama, 1 hugeuka 7, 2 hugeuka 8, 3 hugeuka 9, huku 4, 5 na 6 zikibaki salama kwa sababu mahali pake hapabadiliki. Ubaya wa kosa hili ni kwamba matokeo yake huaminika. Kilo 100 kwa mtoto mchanga humshtua yeyote anayesoma. Lakini mama wa kilo 51 akiandikwa kilo 57, au mgonjwa wa miaka 41 akisajiliwa kuwa na miaka 47, nani atashtuka?

Kwa sababu hiyo, kibodi ndefu yenye tarakimu za pembeni inamfaa mhasibu na mtunza bohari ya dawa, ambao huingiza safu za namba kutwa na wamekwisha kuuzoea mpangilio huo. Kwenye meza ya daktari na ya muuguzi, kibodi fupi isiyo na tarakimu za pembeni ni bora. Tarakimu zitaandikwa kwa safu ya juu, polepole zaidi, kwa macho yanayotazama. Polepole hiyo ina faida yake. Zipo pia faida za bega, ambazo zitaelezwa mbele.

Vituo vingi hupata kompyuta kwa njia ya msaada au kwa kununua mashine zilizokwisha kutumika Ulaya. Hakuna aibu katika hilo. Mashine ya miaka mitano iliyotunzwa vyema hufanya kazi ya zahanati bila taabu. Taabu iko kwenye herufi. Kibodi iliyotengenezwa kwa ajili ya Ujerumani ina Y na Z zilizobadilishana nafasi, na Kiswahili kinazitumia zote mbili kila dakika: Zainabu, Yahya, mzazi, wiki ya uzazi. Kibodi ya Kifaransa, inayojulikana sana na wafanyakazi wa Kongo na Burundi, imezibadilishana A na Q, imezibadilishana W na Z, na kuihamishia M pembeni mwa L. Zaidi ya hayo, tarakimu za safu yake ya juu hazitoki mpaka mtumiaji ashikilie kitufe cha herufi kubwa; asiposhikilia, hutoka alama na herufi zenye vikonyo. Aliyeizoea huiona ya kawaida kabisa. Aliyeikuta leo asubuhi, huku foleni ikifika mlangoni, ataandika takataka. Fundi wa tehama anaweza kuiamuru programu isome kibodi hiyo kwa mpangilio wa Kiingereza, lakini maandishi yaliyochapwa juu ya vitufe hayatabadilika, na mfanyakazi ataishi katika nchi ambayo vibao vya barabarani vinasema uongo. Kibodi ya namna hiyo iondolewe siku ileile mashine inapofika, na inunuliwe nyingine. Kati ya matumizi yote ya fedha yanayofuata kupokea msaada, hili ni dogo kuliko yote.

Hapa msomaji ataruhusu mchepuko mfupi. Mpangilio wa herufi unaotumika kwenye kibodi zetu nyingi ulibuniwa na Christopher Latham Sholes, Mmarekani aliyefanya kazi ya magazeti, na mashine yake ya kupigia chapa iliuzwa katika miaka ya 1870 na kampuni ya Remington, watengenezaji wa bunduki. Hakuwa na Kiswahili akilini. Katika Kiswahili herufi A hutokea kuliko nyingine yoyote, na Sholes aliiweka chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole kilicho dhaifu kuliko vyote. Jina la Mwanahawa lina herufi tisa, na nne kati yake ni A. Q na X, ambazo Kiswahili hakizihitaji, zina nafasi zao kamili zisizoguswa. Basi si ajabu kukuta kwenye madirisha ya mapokezi kibodi ambazo kitufe cha A kimefutika maandishi na kuwa laini kama kokoto la mtoni, ilhali X inang'aa kama siku iliyonunuliwa. Mpangilio wenyewe hautabadilishwa sasa, na si busara kujaribu. Kinachowezekana ni kuchagua kibodi ambazo herufi zake hazikuchapwa kwa rangi ya juu juu, bali zimeyeyushwa au kuchongwa ndani ya plastiki. Hizo hazifutiki kwa vidole wala kwa spiriti.

Kuna pia alama ndogo ya ritifaa, ile inayoandikwa katika Ng'ombe na Nyang'oro. Kwenye kibodi nyingi iko karibu na kitufe kikubwa cha kuingizia, lakini juu kabisa kushoto kuna alama nyingine inayofanana nayo, iliyoinama upande wa pili. Karani wa asubuhi hutumia moja, wa jioni hutumia nyingine, na wa usiku haandiki yoyote. Mgonjwa mmoja hupata majalada matatu, na historia yake ya mzio wa penisilini imelala katika jalada ambalo daktari wa leo hataliona. Kosa hili haliponywi kwa kununua kifaa. Linaponywa kwa makubaliano. Hata hivyo, kibodi ambayo kitufe hicho kimekufa hulazimisha kosa, na watu hawakigundui haraka kwa kuwa barua nyingi hazikihitaji.

Katika suala la usafi, vituo hupenda kupita kiasi upande mmoja au mwingine. Wapo wanaoacha juu ya kibodi ile nailoni iliyokuja nayo kutoka dukani, isiingie vumbi, mpaka nailoni yenyewe inakuwa ya kahawia. Wapo wanaomwagia vitufe maji ya klorini yaleyale yanayosafishia sakafu iliyodondokewa na damu, na mwezi haupiti kabla kibodi haijafa. Ukweli ni kwamba vimelea kama Staphylococcus aureus huweza kuishi juu ya vitu vikavu kwa wiki, pengine miezi, na kibodi ina mianya mingi ya kuvihifadhi. Kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa spiriti ya asilimia 70, kikipitishwa juu ya vitufe na kipanya wakati wa kubadilishana zamu na kila panapoonekana uchafu, kinatosha kwa meza nyingi. Kibodi bapa ya mpira wa silikoni, inayoweza kuoshwa kama sahani, ina mahali pake katika chumba cha upasuaji, katika wodi ya wagonjwa mahututi na kando ya kiti cha daktari wa meno. Nje ya hapo haifai. Vitufe vyake ni vizito, vidole hulazimika kuvisukuma, na karani anayesajili wagonjwa 100 kwa kibodi ya silikoni atamaliza siku akiwa na maumivu na makosa mengi. Kuhusu zile zinazouzwa ghali kwa madai ya kuua vijidudu zenyewe, mnunuzi atafanya vyema zaidi kuipeleka fedha hiyo kwenye vitakasa mikono.

Maana njia ya kimelea haiishii kwenye kibodi. Hupanda kibodi kwa mkono na hushuka kwa mkono. Shirika la Afya Duniani limeweka nyakati tano za kusafisha mikono, na wa mwisho ni baada ya kugusa mazingira ya mgonjwa. Muuguzi anayetoka kitandani na glovu zake, akacharaza taarifa, kisha akarudi kitandani na glovu zilezile, amejilinda yeye mwenyewe na amewaunganisha wagonjwa wawili kwa daraja la plastiki. Mgonjwa anayeliona hilo ana haki ya kusema, kwa adabu: samahani dada, glovu hizo zilikuwa kwenye kompyuta.

Sasa mkono wa mfanyakazi. Ndani ya kifundo cha mkono kuna njia nyembamba, iliyozungukwa na mifupa midogo na kufunikwa na ukano mgumu, ambamo hupita kano tisa zinazokunja vidole pamoja na neva ya kati. Njia hiyo ikibanwa, neva hulalamika kwa ganzi na kuwashwawashwa katika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete, hasa usiku. Imezoeleka kuilaumu kibodi kwa ugonjwa huo, na lawama hizo zina chumvi. Uchunguzi wa Denmark uliochapishwa mwaka 2003, uliowahusisha wafanyakazi wapatao 7,000 wanaotumia kompyuta, haukuona kwamba kibodi ni hatari kubwa. Uliona uhusiano na kipanya kinapotumiwa zaidi ya saa 20 kwa wiki. Ujauzito, kisukari, unene na upungufu wa homoni ya tezi ya shingo ni sababu zinazopaswa kuulizwa kabla ya kuikamata mashine. Mwenye ganzi inayomwamsha usiku, anayedondosha vikombe, au anayeona msuli ulio chini ya kidole gumba ukinywea, asinunue kibodi ya pekee, aende akapimwe.

Hilo likisemwa, maumivu ya mkono, bega na shingo ya wanaocharaza ni ya kweli, na mengi yana chanzo rahisi. Chini ya kibodi, upande wa nyuma, kuna vijiguu viwili vya kukunjuliwa. Karibu kila mtu huvikunjua, kwa kuamini kwamba viliwekwa kwa faida ya mikono. Kumbe vinainua nyuma ya kibodi, mkono unapinda kwenda juu, na shinikizo ndani ya kile kifundo linaongezeka. Vikunjwe. Kibodi ilale bapa, chini kiasi cha viwiko, na isiwe ya vitufe vizito. Hapo ndipo ile kibodi fupi inaposaidia bega: tarakimu za pembeni zisipokuwepo, kipanya hukaa karibu na mwili, na mkono wa kulia haulazimiki kunyooshwa nje kutwa kama wa abiria anayesimamisha daladala.

Kipanya ni cha zamani kuliko wengi wanavyodhani. Cha kwanza, kilichobuniwa na Douglas Engelbart wa California katika miaka ya 1960, kilikuwa kiboksi cha mbao chenye magurudumu mawili chini. Tangu hapo kimepewa kila umbo, na kosa la wanunuzi wetu ni kupenda kile kidogo, kinachoitwa cha safari. Kipanya kidogo hubanwa kwa ncha za vidole. Kipanya kinachojaza kiganja hupumzikiwa. Kwa meza inayotumiwa na zamu tatu, kinachofaa ni cha ukubwa wa wastani, chenye pande mbili zinazofanana, ili mwenye kutumia mkono wa kushoto naye akihamishe tu upande wake. Kile kinachosimama wima, kama mkono unaosalimia, ni kizuri kwa mtu mmoja mwenye maumivu aliyekijaribu na kuridhika. Kwenye meza ya wote hugeuka ugomvi. Kiwe cha waya. Visivyo na waya huhitaji betri, na betri za kituo huenda zikaonekana kwenye rimoti ya televisheni. Kile kipokezi kidogo nacho hupotea siku ambayo kompyuta inahamishwa chumba. Kaunta zetu za mapokezi hupenda vioo na marumaru zinazong'aa, ambazo mwanga wa kipanya huteleza juu yake na mshale ukarukaruka. Zulia dogo la kitambaa hutibu hilo, lakini hunyonya jasho na halipanguswi kwa spiriti. Kipande cha kadibodi ngumu kilichokatwa kwa mkasi hufanya kazi ileile, na kikichafuka hutupwa.

Mgonjwa naye ana neno katika uchaguzi huu. Kibodi zenye swichi za kimakanika, zinazosifiwa na vijana kwa mlio na uimara, kweli hudumu miaka mingi. Katika ofisi ya takwimu hazina ubaya. Katika wodi, saa saba za usiku, mlio wake ni mvua ya mawe juu ya bati. Tena kuna suala la uso. Daktari anayetafuta herufi mojamoja kwenye kibodi iliyofutika hawezi kumtazama mama anayemweleza jinsi mimba iliyopita ilivyoharibika. Mama hunena na paji la uso, hufupisha habari yake, na pengine jambo kubwa zaidi halisemwi. Waya mrefu kidogo, utakaowezesha kibodi kusogezwa ili daktari, kioo na mgonjwa viunde pembetatu, ni kifaa cha mawasiliano sawa na lugha nzuri.

Imebaki namna ya kununua. Zabuni nyingi huandika "kibodi na kipanya, seti moja", na mzabuni, kwa haki yake, huleta seti ya bei ya chini kuliko zote. Iandikwe badala yake: ya waya, mpangilio wa Kiingereza, herufi zisizofutika, isiyo na mlio, yenye au isiyo na tarakimu za pembeni kwa kadiri ya meza. Kabla ya kusaini, iletwe sampuli moja, naye karani wa dirishani, si mkuu wa idara, aitwe kuijaribu kwa kuandika majina 20 kutoka daftari la jana na tarakimu zote kumi, kila moja mara tatu. Akisema hapana, irudishwe. Na katika kabati la muuguzi wa zamu ziwepo kibodi moja na kipanya kimoja vya akiba, ndani ya boksi lake, kwa ajili ya usiku ambao sifuri itaanza kunata.